Jinsi ya kupima mvuto wa Dunia ukiwa Goma, kisha kuhesabu jiwe lingeangukaje Mwezini, Mirihi na kwingineko

Mwanafunzi wa sekondari hapa Goma hupewa namba moja ya kukariri: 9.81. Anaiandika kwenye karatasi ya mtihani, wakati mwingine anaruhusiwa kuifanya 10 ili hesabu iwe nyepesi, halafu inaishia hapo. Naona ni hasara kubwa. Namba hiyo, ambayo ni kipimo cha mvuto wa Dunia na wanafizikia huiita g, ni miongoni mwa vitu vichache vya ulimwengu ambavyo mtu anaweza kuvipima chumbani kwake kwa uzi na kipande cha chuma. Akishaipima hapa, hesabu fupi inamwonyesha vitu vinavyoanguka kwenye Mwezi, kwenye Mirihi na kwenye Zohali, bila darubini wala maabara.

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi huyo, pamoja na mwalimu ambaye shule yake haina maabara. Ufuate kwa mpangilio, kwa sababu kila hatua inatumia matokeo ya ile iliyotangulia.

Andaa vitu hivi: uzi imara wa mita moja na nusu hivi, nati kubwa ya chuma kutoka gereji, mita ya fundi, simu yenye kronometa na kikokotoo, msumari, na mahali pa kuning'iniza kitu kama boriti ya dari au mhimili wa mlango. Kwa hatua ya sita utahitaji pia ubao ulionyooka wa mita 3, jambo ambalo katika mji wetu wa nyumba za mbao si gumu, na gololi moja ya kioo au ya chuma.

Usitumie jiwe la lava badala ya nati, ingawa limejaa kila uwanja. Lina matundu mengi, ni jepesi kwa ukubwa wake, hewa hulichelewesha, na ni vigumu kujua katikati yake ni wapi.

Hatua ya 1: Tenganisha masi na uzito

Sokoni tunasema "uzito wa kilo mbili" na hakuna anayepata hasara. Kwenye hesabu za sayari, hasara huanzia hapo. Masi ni kiasi cha kitu chenyewe, nayo hupimwa kwa kilo. Uzito ni nguvu ambayo ulimwengu uliosimama juu yake unakuvuta nayo, nayo hupimwa kwa nyutoni. Ukizidisha masi kwa g, unapata uzito.

Chukua bidoni ya lita 20 iliyojaa maji. Masi ya maji hayo ni kilo 20, iwe hapa mtaani Majengo, iwe Mwezini. Uzito wake hapa Goma ni nyutoni 196 hivi. Mwezini ungekuwa nyutoni 32, Mirihi 74, na kwenye Mshtarii 496. Mtoto anayebeba bidoni moja kutoka ziwani angeibeba ileile Mwezini kama anayebeba lita tatu na kidogo.

Aina ya mizani nayo ina maana. Mizani ya sahani mbili, yenye mawe ya chuma upande mmoja na maharagwe upande wa pili, ingesoma kilo 2 Mwezini kama inavyosoma hapa, kwa sababu pande zote mbili zinapungukiwa sawasawa. Mizani ya springi, ile inayoning'inizwa, ingesoma gramu 330 tu kwa maharagwe yaleyale. Ya kwanza inalinganisha masi, ya pili inapima nguvu ya kuvuta. Hakikisha umelielewa hili kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Pima g kwa pendulumu

Kudondosha jiwe na kubonyeza kronometa kunaonekana kuwa njia ya wazi zaidi, lakini matokeo yake ni mabaya. Jiwe linaloanguka kutoka mita 2 linafika chini kwa sekunde 0.64. Kidole chako kinachelewa kwa kama sekunde 0.2 kuanza na kingine kama hicho kusimamisha, kwa hiyo kosa linakaribia kuwa kubwa kama kipimo chenyewe. Pendulumu inatibu tatizo hilo kwa kurudia mwendo uleule mara nyingi.

Funga nati kwenye uzi. Ning'iniza uzi kwenye msumari uliogongomewa vizuri. Ikiwezekana ubane uzi kati ya vipande viwili vya ubao, ili sehemu ya juu isicheze. Sasa pima urefu kutoka mahali uzi unapoanzia kuyumba hadi katikati ya nati. Pima nati ikiwa tayari inaning'inia, kwa sababu uzi wa nailoni hurefuka ukibeba kitu. Rekebisha mpaka upate mita 1 kamili. Tumia muda hapa: ukikosea sentimita moja, g yako inakosea kwa 0.1.

Vuta nati pembeni kwa sentimita 10 tu, si zaidi, kisha iachie bila kuisukuma. Kanuni tutakayotumia ni sahihi kwa myumbo mdogo. Ukiivuta sana, kila myumbo unarefuka na hesabu inapotoka.

Weka alama ya chaki nyuma ya mahali nati inapopita ikiwa chini kabisa. Bonyeza kronometa inapopita alama hiyo, ukisema "sifuri". Inaporudi na kupita tena kuelekea upande uleule, sema "moja". Wanaoanza kwa kusema "moja" hujikuta wamehesabu myumbo mmoja pungufu. Na tumia alama ya chini, si kule pembeni inakogeukia: chini nati inakwenda kwa kasi, kwa hiyo wakati wake uko wazi, pembeni inakaribia kusimama na jicho halijui ni sasa au bado.

Hesabu hadi 20, simamisha, gawanya muda kwa 20. Huo ndio muda wa myumbo mmoja, tuuite T. Kisha:

g = 39.48 × urefu ÷ (T × T)

Hiyo 39.48 ni pai ikizidishwa kwa yenyewe, halafu mara 4. Tuseme myumbo 20 imechukua sekunde 40.2. T ni 2.01, ikizidishwa kwa yenyewe ni 4.04, g inatoka 9.77. Ukipata chochote kati ya 9.6 na 10, umefanya kazi nzuri kwa vifaa hivi. Ukipata 9 au 11, karibu kila mara ni urefu uliopimwa hadi mwisho wa uzi badala ya katikati ya nati, au ni myumbo uliorukwa katika kuhesabu.

Kabla ya kufungua uzi, fanya jambo moja zaidi. Ongeza nati ya pili pembeni ya ya kwanza, ili katikati yao ibaki palepale, na upime tena. Masi imekuwa mara mbili, T haikubadilika. Galileo aliliona jambo hili zaidi ya miaka 400 iliyopita: kitu kizito na kitu chepesi vinaharakishwa sawa. Kizito kinavutwa zaidi, lakini pia ni kigumu zaidi kukisogeza, na mambo hayo mawili yanafutana kabisa.

Hatua ya 3: Kwa nini Goma haipati 9.81

Namba 9.81 inafaa Ulaya ya kati. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, g ni 9.780, kwenye ncha za Dunia ni 9.832. Goma iko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii 2, tena kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kwa hiyo g yetu ni takriban 9.78. Bukavu na Lubumbashi nazo zina g karibu hiyohiyo.

Sababu ni mbili. Dunia inazunguka, na mzunguko huo unapunguza kidogo mvuto tunaousikia, zaidi kwa walio ikweta. Tena mzunguko huohuo umeifanya Dunia kutanuka kiunoni: kutoka katikati yake hadi ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni kilomita 6,357. Sisi tuko mbali zaidi na katikati, na umbali unapunguza mvuto.

Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ina historia nzuri. Mwaka 1672 mtaalamu wa nyota Mfaransa, Jean Richer, alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa yake ya pendulumu, iliyokuwa imerekebishwa vizuri Paris, ilianza kuchelewa kwa karibu dakika mbili na nusu kila siku, ikambidi afupishe pendulumu. Newton aliitumia habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1687 kuonyesha kwamba Dunia si mviringo kamili. Saa ya namna hiyo ikiletwa Goma leo kutoka Paris, nayo ingechelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku.

Je, pendulumu yako ya uzi inaweza kuonyesha tofauti kati ya Goma na ncha ya Dunia? Kwa myumbo 100, tofauti ni nusu sekunde katika sekunde 201. Kronometa inaweza kuiona. Tatizo ni urefu: kosa la milimita 5 kwenye mita ya fundi linameza tofauti yote. Richer alifanikiwa kwa sababu alitumia pendulumu ileile, na saa iliyojumlisha kosa dogo mchana na usiku.

Vivyo hivyo, anayepanda volkano ya Nyiragongo hadi mita 3,470 anapunguza g kwa sehemu chache tu za elfu za mita kwa sekunde kwa sekunde. Na wale wanaanga walio katika kituo cha anga, kilomita 400 juu yetu? Huko g bado ni 8.7 hivi. Wanaelea si kwa kukosa mvuto, bali kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja muda wote, wakiizunguka Dunia kwa kasi inayowafanya waikose daima. Kosa hili nalikuta hata kwa watu waliosoma sana, ndiyo maana nalisema hapa.

Hatua ya 4: Hesabu g ya ulimwengu mwingine

Sasa tunaondoka nyumbani. Mvuto kwenye uso wa sayari unategemea mambo mawili tu: masi ya sayari, na umbali wako kutoka katikati yake, yaani nusukipenyo. Masi ikiwa mara mbili, g inakuwa mara mbili. Nusukipenyo kikiwa mara mbili, g inagawanywa kwa nne. Umbali una nguvu zaidi kuliko masi, na karibu kila la kushangaza katika orodha ya hapa chini linatoka hapo.

Vitabu huweka kanuni hii pamoja na namba zenye sifuri 24, na wanafunzi wengi huishia hapo. Njia nyepesi ni kuifanya Dunia iwe kipimo: masi yake 1, nusukipenyo chake 1. Kisha:

g = 9.81 × masi ÷ (nusukipenyo × nusukipenyo)

Tuanze na Mwezi. Masi yake ni 0.0123 ya Dunia, nusukipenyo 0.273. Zidisha 0.273 kwa yenyewe: 0.0745. Gawanya 0.0123 kwa hiyo: 0.165. Zidisha kwa 9.81: 1.62. Angalia vizuri: masi ya Mwezi ni ndogo mara 81 kuliko ya Dunia, lakini mvuto wake ni mdogo mara sita tu, kwa sababu ukisimama Mwezini uko karibu zaidi na katikati yake.

Hizi hapa namba za kufanyia kazi. Kwanza masi, kisha nusukipenyo, mwisho g utakayoipata:

Zebaki: 0.055, 0.383, g 3.7
Zuhura: 0.815, 0.950, g 8.9
Mirihi: 0.107, 0.532, g 3.7
Mshtarii: 318, 11.2, g 24.8
Zohali: 95.2, 9.45, g 10.4
Uranusi: 14.5, 4.01, g 8.9
Neptuni: 17.1, 3.88, g 11.1
Pluto: 0.0022, 0.186, g 0.6

Usikubali namba hizi kwa sababu nimeziandika. Zihesabu, walau nne. Ukitofautiana nami kwa desimali moja ya mwisho, si kosa. Kisha kaa nazo kidogo, maana kuna mambo ambayo hayaonekani mpaka mtu azilinganishe.

Mirihi ina masi karibu mara mbili ya Zebaki, lakini mvuto wao ni uleule, 3.7. Mirihi ni pana zaidi, na upana wake ukizidishwa kwa wenyewe unakuwa karibu mara mbili vilevile, kwa hiyo faida ya masi inaliwa yote. Uranusi ina masi mara 14 na nusu ya Dunia, na bado mtu angekuwa na uzito pungufu kule kuliko hapa. Na Zohali, jitu lenye masi mara 95 ya Dunia, linazidi mvuto wetu kwa sehemu ndogo tu. Kwa wastani Zohali ni jepesi kuliko maji kwa ujazo uleule. Masi yake imetandazwa katika ujazo mkubwa mno, na anayefika ukingoni mwake yuko mbali sana na katikati. Mwanafunzi anayesema "sayari kubwa, mvuto mkubwa" mpe Zohali aihesabu mwenyewe.

Ijulikane tu kwamba Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni hazina ardhi ya kusimama. Ni gesi na vimiminika hadi ndani sana. Namba zao za g ni za kule juu mawinguni, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni karibu sawa na ya hapa kwetu usawa wa bahari.

Mtu makini atauliza: masi ya sayari inajulikanaje, wakati hakuna mizani ya kuiweka? Ya Dunia ilipatikana baada ya Henry Cavendish, mwaka 1798, kupima jinsi mipira ya madini ya risasi inavyovutana yenyewe kwa yenyewe ndani ya chumba. Ya Mshtarii inasomwa kutoka kwa miezi yake: ukijua mwezi uko umbali gani na unazunguka kwa siku ngapi, unajua kinachouvuta kina masi gani. Zebaki haina mwezi, kwa hiyo ilibidi kungoja vyombo. Mariner 10 kilipita karibu nayo mwaka 1974 na 1975, na njia yake ilivyopinda ikatoa jibu lililo sahihi zaidi.

Hatua ya 5: Kutoka g hadi muda wa kuanguka

Kuanguka huru maana yake kitu kinavutwa na uvutano peke yake, bila hewa kukizuia. Kila sekunde kasi yake inaongezeka kwa kiasi cha g. Hapa Goma: baada ya sekunde 1, mita 9.8 kwa sekunde. Baada ya 2, mita 19.6. Huo ndio mchapuko.

Muda wa kuanguka ni kipeuo cha pili cha (2 × kimo ÷ g). Chukua kimo cha mita 5, kama kutoka dirisha la ghorofa. Goma: sekunde 1.01. Mirihi: 1.64. Mwezini: 2.48. Mshtarii: 0.64. Pluto: 4. Kwenye Phobos, kijimwezi cha Mirihi chenye umbo la kiazi na g karibu 0.006, jiwe lingechukua kama sekunde 40 kushuka mita hizo tano. Ungeweza kuliachia, ukashuka ngazi, ukalingoja chini.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Mvuto wa Mwezi ni mdogo mara sita, nao huandika kwamba jiwe litachelewa mara sita. Linachelewa mara mbili na nusu tu, kwa sababu ya kile kipeuo. Lakini ukilirusha jiwe juu kwa kasi ileile, litapanda mara sita zaidi, maana kimo ni kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kugawanywa kwa 2g, na hapo hakuna kipeuo. Jiwe linalorushwa kwa mita 20 kwa sekunde hupanda mita 20 hivi hapa, na zaidi ya mita 120 Mwezini.

Sisi tunaoishi chini ya volkano tunalo swali letu hapo. Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, ina shughuli nyingi za volkano kuliko ulimwengu wowote tunaoujua, na g yake ni 1.8. Mwaka 1979 picha za Voyager 1 zilionyesha gesi na vumbi vikiruka mamia ya kilomita juu ya uso wake. Mvuto mdogo, pamoja na kukosa hewa ya kuzuia, ndivyo vinavyoruhusu hilo. Mlipuko wenye nguvu ileile hapa kwetu usingefika hata karibu na kimo hicho.

Kuhusu hewa: tarehe 2 Agosti 1971, David Scott wa Apollo 15 alisimama Mwezini mbele ya kamera, akaachia kwa pamoja nyundo ya kilo 1.3 na unyoya wa kozi. Vikagusa ardhi pamoja. Lakini Zuhura ina g 8.9, karibu na yetu, na unyoya huo ungeshuka polepole sana, kwa kuwa hewa ya kule chini ni nzito zaidi ya mara 50 kuliko yetu. Kwenye Titani, mwezi wa Zohali wenye hewa nzito na mvuto mdogo, chombo cha Huygens kilichukua karibu saa mbili na nusu kushuka kwa miavuli tarehe 14 Januari 2005. Kwa hiyo g peke yake haitoshi kusema kitu kitaangukaje. Uliza kwanza kama pana hewa.

Ukitaka kudondosha mawe kutoka juu ili ujaribu, weka mtu wa kuzuia watoto chini na usifanye juu ya njia ya watu. Jiwe la kutoka mita 5 linafika kwa karibu mita 10 kwa sekunde.

Hatua ya 6: Uige Mwezi kwenye ubao

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu macho yanaona kile ambacho hesabu ilisema.

Galileo hakuwa na kronometa ya kushika kitu kinachoanguka wima, kwa hiyo aliulaza mwanguko: alibingirisha mipira kwenye ubao ulioinamishwa. Ubao ulioinama unatumia sehemu tu ya g. Ukichagua mwinamo vizuri, gololi itaharakisha kama kitu kinachoanguka Mwezini.

Ila gololi haitelezi, inabingirika, na sehemu ya nguvu inakwenda kuizungusha. Gololi iliyojaa ndani hupata tano-ya-saba tu, yaani 5/7, ya mchapuko ambao kitu kinachoteleza bila msuguano kingeupata. Kwa hiyo kwa ubao wa mita 3, inua upande mmoja sentimita 70. Hesabu: 70 kwa 300 ni 0.233, mara 9.78, mara 5/7, unapata 1.63. Huo ni Mwezi. Gololi itashuka ubao mzima kwa sekunde 1.9. Ukiinua hadi mita 1.59 umepata Mirihi, na gololi itashuka kwa sekunde 1.3 hivi, hapo funga ubao vizuri, usije ukaanguka.

Pigilia fito mbili nyembamba pembeni, gololi isitoke njiani. Usipigilie mbao mbili kwa umbo la V ili iwe mfereji: ndani ya mfereji huo gololi inagusa kwa pande mbili, inazunguka haraka zaidi kwa umbali uleule, na ile 5/7 haifai tena. Usitumie pia mpira wenye hewa ndani, maana nao una namba yake.

Kisha weka alama ya chaki kila inapofika robo ya sekunde, ukisaidiwa na video ya simu. Nafasi kati ya alama zitapanuka kwa mpangilio wa 1, 3, 5, 7. Fanya kwa mwinamo wa Mwezi, fanya kwa wa Mirihi: nafasi zenyewe zinabadilika, mpangilio haubadiliki. Ulimwengu wowote wenye mvuto unauheshimu mpangilio huo.

Hatua ya 7: Swali la chukudu

Mwisho, swali la kumpima aliyefuata mpaka hapa. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, imebeba masi ya kilo 200 na kupelekwa Mwezini, kwenye barabara kama yetu. Mwenye nayo anaisukuma sehemu tambarare mpaka ifike kasi aliyoizoea, kisha anakanyaga kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma. Itasimama baada ya umbali gani?

Wengi hujibu kwamba itasimama upesi kwa kuwa imekuwa nyepesi. Ni kinyume. Masi ni ileile, kwa hiyo ugumu wa kuisimamisha ni uleule. Kilichopungua mara sita ni uzito, na uzito ndio unaoligandamiza gurudumu ardhini ili lishike njia. Ikiwa hapa gurudumu lililozuiwa linaisimamisha kwa mita 10, kule litaisimamisha kwa mita 60.

Sasa badilisha. Hakuna aliyesukuma, chukudu imeachiwa tu kileleni, kama zinavyoteremka na kabichi kutoka Kibumba, ikashuka bila breki hadi tambarare, ndipo breki ikakanyagwa. Mwezini mvuto mdogo unaipa kasi ndogo mteremkoni, na breki dhaifu tambarare. Andika kanuni mbili hizo pamoja: g iko juu ya mstari na chini ya mstari, inafutika. Chukudu inasimama palepale ambapo ingesimama hapa, ila safari nzima imechukua muda mrefu mara mbili na nusu.

Kama umeweza kuthibitisha hilo kwa kalamu, basi chukua Titani: masi 0.0225, nusukipenyo 0.404. Tafuta g yake, muda wa kuanguka mita 5 kama hewa isingekuwepo, na T ya pendulumu yako ya mita 1. Majibu: 1.35, sekunde 2.7, sekunde 5.4.